Uzoefu wangu: boksi la rangi za visanamu, na mchanga wa Kibirizi

Boksi lenyewe ni Game Color ya Vallejo, rangi za akriliki zinazochanganyika na maji, kutoka Hispania, chupa ndogo 16. Nimelitumia miezi saba na visanamu 23 vimepita mkononi mwangu, kwa hiyo nadhani sasa naweza kulizungumzia.

Tuko wanne. Kila Jumapili jioni tunakutana Mwanga, hapa Kigoma mjini, kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia na kurusha dadu uliotoka Marekani mwaka 1974. Mwaka mzima tulitumia vizibo vya soda kama wahusika: mbilikimo mwenye shoka kizibo chekundu, mchawi kizibo cha kijani. Binamu yangu wa Dar ndiye aliyetuagizia visanamu vya plastiki, vile vya milimita 28, pamoja na boksi hili, akavituma kwa treni. Vilifika salama, hata chupa moja haikuvuja.

Kilichonifurahisha kwanza ni mdomo wa chupa. Unatoa tone moja moja, na matone mawili yanamaliza koti zima la mchawi. Rangi usiipake ilivyo. Changanya na maji kidogo mpaka iwe nyepesi kama maziwa, si kama mtindi, kisha paka mikono miwili au mitatu, ukisubiri kila mkono ukauke. Ukipaka nzito, mikunjo ya nguo na vidole vinazibwa, na hivyo ndivyo vinavyokipa kisanamu uhai.

Tabu ni kiangazi chetu. Mwezi wa nane, upepo wa ziwani ukivuma mchana, tone linakauka kwenye kisahani kabla hujamaliza kiatu kimoja. Nilichofanya: nilichukua kontena la chakula lenye mfuniko, nikatandika sponji jembamba lililolowa maji, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi naiweka juu ya hiyo karatasi. Nikifunika usiku, asubuhi naikuta bado mbichi. Bila hilo kontena ningekuwa nimemaliza nusu ya boksi kwa hasara.

Nyeupe na njano zinahitaji subira. Juu ya praima nyeusi, ile rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, hazifuniki kwa mkono mmoja wala miwili, na ndivyo rangi hizo zilivyo kwa watengenezaji wengi. Anza na kahawia hafifu chini ya njano, kijivu chini ya nyeupe, utaona tofauti. Praima, brashi na vanishi nilinunua pembeni. Praima ya kupuliza ya magari niliipata duka la spea, nikaipuliza siku ya mvua mwezi wa kumi na moja, na uso wa mchawi ukatoka na chenga kama msasa. Hewa ilikuwa na unyevu mno. Tangu siku hiyo napuliza asubuhi yenye jua tu. Brashi naziosha kwa sabuni ya mawese, inatoa rangi mpaka kwenye shina la manyoya na kuyaacha laini.

Sasa niseme la kitako, kile kiduara kinachobeba kisanamu, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Kisanamu kilichopakwa vizuri kikisimama juu ya duara jeusi la plastiki kinaonekana bado kiko dukani. Wenzetu hununua mchanga na majani ya kupambia kwenye vipakiti. Sisi tuna Ziwa Tanganyika, na maji yake si ya chumvi, kwa hiyo mchanga wake hauachi ukungu mweupe ukikauka.

Nilikwenda Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, na mfuko, nikachota palepale wanapoanika dagaa. Kosa. Nilipaka gundi nyeupe ya seremala kwenye kitako, nikachovya kwenye mchanga, na kesho yake nusu ilibanduka kama ganda la kidonda. Nilipoutazama kwa karibu niliona magamba madogo yanayong'aa, na mafuta ya samaki yameshika punje. Ilibidi niuoshe kwa sabuni mara tatu, niuanike, niuchekeche kwa kichujio cha chai. Punje kubwa zikawa mawe, za vumbi zikawa ardhi. Baada ya gundi kukauka, nanyunyizia gundi nyingine iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, ndipo napaka kahawia iliyokolea, halafu brashi kavu yenye rangi ya mchanga juu juu tu, ishike vichwa vya punje. Magome ya mwembe yanakuwa miamba. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi zinakuwa nyasi.

Siku ile pale ufukweni mama mmoja mwanika dagaa aliniuliza, "Mwanangu, hako kamchanga unajengea nini?" Nikamtoa mbilikimo mfukoni. Akamgeuzageuza, akasema, "Mbona umemwacha bila macho?" Kweli, nilikuwa nimeyaruka kwa kuogopa kuharibu uso. Usiku huo nilikaa karibu na taa: mstari mweupe kwanza, kisha nukta nyeusi kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha nikarudisha rangi ya ngozi juu na chini mpaka jicho likawa jembamba. Nilirudia jicho la kushoto mara nne. Jumamosi nilimpelekea amwone. Alimshika kwa vidole vyenye magamba, akamsogeza kwenye jua, akacheka kwa furaha, akamwita jirani yake aje atazame.

Kwa bei, boksi pamoja na usafiri lilinitoka zaidi ya laki moja. Ni pesa, lakini tuligawana wanne, na mpaka leo chupa nyingi ziko zaidi ya nusu. Kama uko peke yako na una visanamu vitano tu, nunua chupa sita: nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu, njano na kahawia, nyingine utachanganya mwenyewe. Mimi ninachoagiza sasa ni chupa mbili za nyeupe, na vanishi isiyong'aa, maana yule mbilikimo ameanza kuchubuka kwenye shoka kwa kushikwa na kila mtu.