Drosera ya Rasi: mmea mdogo unaokula wadudu. Ununue au uuache?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nimeweka kichungu kimoja tu, hiki hapa, na ndani yake kuna mmea unaokula wadudu. Jina lake la kitaalamu ni Drosera capensis. Mimi nitaiita drosera ya Rasi, kwa sababu kwao ni Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Hapa London inauzwa kwenye maduka ya mimea, na kwa kichungu kidogo kama hiki bei yake haifiki pauni kumi.

Niseme msimamo wangu mapema, mwenye haraka asinisubiri: katika mimea yote ya aina hii inayouzwa madukani, huu ndio ninaowashauri mnunue kwanza. Si ule mmea mwingine uitwao mtego wa nzi (Venus flytrap), wenye meno, ambao kila mtoto akiuona anaulilia. Huu hapa.

Ngoja niisogeze kamera. Mnaliona jani? Ni jembamba, upana wake kama nusu sentimita, limekaa juu ya kikonyo chake. Uso wake wote umejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone linalometa kwenye ncha. Mdudu anadhani kapata asali ya maua. Sasa naligusa tone kwa kijiti, navuta taratibu... mnaona linavyorefuka, uzi haukatiki? Huo ni ulimbo. Wale mliokulia shamba mkinasa ndege kwa utomvu uliopakwa juu ya tawi, mmeshaelewa, sina haja ya kueleza zaidi.

Hapa nina kisubi, wale vijidudu vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo wa vyungu vya ndani. Namweka katikati ya jani kwa kibano. Kadiri anavyotapatapa ndivyo anavyozidi kujipaka. Ule ulimbo unaziba matundu anayopumulia, na mara nyingi robo saa haiishi naye amekwisha. Tazameni vinywele vya pembeni: vimeanza kuinama kumwelekea. Kamera niliiacha ikirekodi, na hapa nimeikimbiza picha, maana hii ni kazi ya saa kadhaa. Jani lenyewe linajikunja, linamzunguka mdudu, hadi mwisho amezongwa kabisa. Linafanya hivyo ili limguse kwa sehemu kubwa zaidi, kisha linatoa vimeng'enya vya kumyeyusha. Kinachofyonzwa hasa ni naitrojeni na fosforasi. Baada ya siku kadhaa linakunjuka, na kilichobaki ni ganda tupu.

Charles Darwin alizichunguza kwa miaka drosera za huku Uingereza, ndugu wa hii yetu. Mwaka 1860, mwaka mmoja baada ya kutoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, alimwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba kwa wakati ule drosera ilimshughulisha kuliko asili ya spishi zote duniani. Mwaka 1875 akatoa kitabu kizima juu ya mimea inayokula wadudu. Mimi simshangai hata kidogo.

Sasa twende kwao, kwa sababu ukipajua kwao huhitaji kukariri masharti ya kuutunza. Rasi ina milima ya mawe ya mchanga, kama ule Mlima Meza ulioinamia jiji la Cape Town. Mawe hayo yakimomonyoka yanaacha mchanga usio na rutuba, na kidogo kilichomo mvua inakisomba. Juu yake kuna uoto unaoitwa fynbos, vichaka vifupi vyenye majani magumu, vinavyoungua moto kila baada ya miaka kadhaa. Drosera inakaa pale maji yanapochuruzika: kingo za vijito, mabonde madogo yenye majimaji, miamba inayovuja. Kwenye nyanda za chini za Rasi mvua kubwa ni ya majira ya baridi, Juni hadi Agosti, na kiangazi ni kikavu. Lakini milimani upepo wa kusini-mashariki huleta wingu la kiangazi linaloifunika miteremko, na maji hayakatiki.

Kwa hiyo kwao ni hivi: maji tele, safi, yasiyo na chumvichumvi, jua kali, udongo maskini. Chakula cha ardhini hakipo, ndiyo maana mmea ukajifunza kukitafuta hewani. Na moto ukipita, majani yote yanateketea, lakini mizizi minene iliyo chini inachipua upya. Hilo la mizizi liwekeni akilini.

Turudi kwenye kichungu. Lebo yake inasema mambo matatu: weka penye mwanga, udongo usikauke, acha kifuniko cha plastiki juu ili kuwe na unyevu. La kwanza na la pili sawa. La tatu silikubali. Kifuniko hicho kinauziba mmea hewa, ukungu unaingia, na wadudu hawafiki kwenye majani. Kitoeni. Msikitoe ghafla siku ya kwanza. Kipandisheni kidogo kidogo kwa wiki moja, mmea uizoee hewa ya nyumbani. Na mkiununua mkakuta majani makavu hayana matone, msikate tamaa. Safari na giza la dukani vinayakausha. Upe mwanga na maji, majani mapya yatakuja na ulimbo wake ndani ya wiki mbili hivi. Cha kukagua dukani ni moyo wa mmea, pale katikati majani yanapochipukia. Ukiwa wa kijani, chukua.

Kuhusu maji lebo haisemi neno, na maji ndiyo yanayoua drosera nyingi kuliko kitu kingine chochote. Maji ya bomba ya London yanatoka kwenye nchi ya chokaa. Tazameni ndani ya birika langu la umeme, haya magamba meupe. Chumvi hizi ukizimwaga kwenye udongo kila siku zinajilundika, mizizi inaungua, na mmea unakufa polepole bila mtu kujua kwa nini. Kuchemsha si dawa: mvuke unaondoka, chumvi nyingi inabaki, tena imekolea. Maji ya chupa ya kunywa nayo mengi yametiwa madini. Tumieni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, au maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakawa maji tena. Ukiwa na kile kijidude cha kuchovya kinachopima chumvi ndani ya maji, kikisoma chini ya 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, ni safi kabisa. Hadi 100 mmea unavumilia. Maji ya bomba la hapa yanapita 200.

Walioko nyumbani Afrika Mashariki mna nafuu kubwa hapo. Masika na vuli, kingeni ndoo, mfunike, mna maji ya miezi. Dar na Mombasa, maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi yana chumvi kidogo sana, yanafaa. Maji ya betri ya kituo cha mafuta pia yanafaa, lakini soma chupa vizuri uhakikishe ni maji matupu na si asidi. Tafadhali sana, hilo msilichukulie kwa wepesi, hasa penye watoto.

Kumwagilia kwenyewe ni rahisi. Weka kichungu kwenye kisahani, jaza maji kina cha sentimita mbili, yakiisha ongeza. Hii ni mimea ya majimaji, miguu yake inapenda kulowa.

Udongo: nusu pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu), nusu mchanga mkavu uliooshwa vizuri, au zile punje nyeupe nyepesi za perlaiti. Usitumie udongo wa bustani wala samadi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko huko. Watu wa pwani najua mtaniambia vumbi la makumbi ya nazi lipo tele. Linawezekana, lakini makumbi yana chumvi. Yaosheni kwa maji ya mvua mara nyingi, mpime yale yanayotoka, ndipo mpande. Na mbolea, hata tone moja, hapana. Hapo ndipo wapenda mimea wengi wanapokwama, kwa sababu tumezoea kumlisha kila tunachokipenda.

Je, uilishe wadudu? Ikiwa dirishani inajinasia yenyewe. Kama nyumba haina wadudu kabisa, mdudu mdogo mmoja au chembe za chakula cha samaki zilizolowekwa, mara mbili kwa mwezi, zinatosha. Nyama usiweke, jani litaoza.

Sasa, kwa nini hii na si mtego wa nzi? Mtego wa nzi kwao ni North Carolina na South Carolina, Marekani, eneo dogo la pwani kuzunguka mji wa Wilmington, wala si kwingine kokote duniani. Huko kuna majira ya baridi, na mmea ule unahitaji kupumzika kwenye ubaridi miezi mitatu hivi kila mwaka. Ukiuweka Dar es Salaam ukakosa mapumziko hayo, unadhoofika mwaka hadi mwaka. Tena kila mtego hufunga mara chache tu kisha unazeeka, na kila mgeni akija anataka kuuchokoza kwa kidole. Drosera ya Rasi haihitaji mapumziko, na kuguswa hakuiumizi sana. Kwa mtu wa Njombe, Lushoto, Limuru au Kericho, hali ya hewa ni kama imekatiwa mmea huu: ubaridi wa wastani, jua la kutosha. Pwani inawezekana, ila upe jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa sababu joto likizidi 35 majani yanapoteza ulimbo. Huku Ulaya weka dirisha la kusini. Baridi kali ikiyaua majani usitupe kichungu; ile mizizi niliyowaambia inachipua tena.

Kasoro zake nazo nizitaje. Haitamaliza mbu wa nyumba yako. Asiyetaka kung'atwa akanunue chandarua. Inanasa visubi na vinzi vidogo, na hapo inafanya kazi nzuri kweli. Vidukari huishambulia kwenye majani machanga, yakawa yamepinda vibaya. Zamisha kichungu kizima ndani ya maji ya mvua siku moja au mbili, watakufa. Halafu inazaana kupita kiasi. Bua la maua linapanda hadi sentimita 30, maua ya zambarau yanafunguka moja moja, kila moja siku moja tu, na hujichavusha lenyewe. Mbegu ni laini mithili ya vumbi na zinaingia vyungu vyote vya jirani. New Zealand imeuweka mmea huu kwenye orodha ya mimea haribifu. Kwa hiyo usiupande kwenye kinamasi wala kando ya kijito. Tanzania tuna drosera zetu wenyewe kwenye maeneo ya majimaji, kama Drosera madagascariensis, na hizo hazihitaji mgeni wa kugombania naye nafasi.

Anayetaka kuagiza kutoka nje afuate njia halali: cheti cha afya ya mimea, kwa utaratibu wa mamlaka za afya ya mimea, TPHPA Tanzania au KEPHIS Kenya. Mbegu ni nyepesi kusafirisha kuliko mmea mzima, lakini nazo zinahitaji karatasi. Ukizipata usizifukie, zinyunyize juu ya udongo uliolowa, funika kwa nailoni angavu, weka penye mwanga. Kati ya wiki mbili na sita zitaota. Na ukiwa na shaka na maji yako, niulize kabla hujamwagilia, siyo baada.