Winchi ya Land Rover ya zamani: ipi ununue kwanza

Ukiingia gereji pale Unga Limited, Arusha, ukasema unatafuta winchi, usishangae ukionyeshwa ile ya minyororo ya kunyanyulia injini. Kwa hiyo tuelewane mapema: hapa nazungumzia winchi ya kulivuta gari lililonasa, na gari lenyewe ni Land Rover za zamani, Series II na III, 88 na 109 (hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ambazo Arusha bado zinabeba mahindi, maji na familia. Mwenye Land Cruiser ya juzi ana hesabu nyingine.

Nimezipanga kwa mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu kwa sasa, anayepita udongo mweusi wa Simanjiro wakati wa masika, makorongo ya Longido au utelezi mwekundu wa Machame.

Piga hesabu kwanza

Land Rover 109 ikishiba mzigo inakaribia tani 2.7. Kanuni ya winchi ni kuchukua uzito wa gari pamoja na mzigo, kisha kuzidisha mara moja na nusu. Unapata kama tani 4, kwa hiyo winchi ya umeme ya paundi 9,500, yaani kilo 4,300 hivi, inatosha. Kwa 88, ya 8,000 inafaa. Muuzaji akikusukumia ya 12,000 kwa sababu "kubwa ni salama zaidi", mkumbushe kwamba uzito wake wote utakaa mbele kabisa, juu ya springi za pleti zilizochoka na chesisi ambayo pengine imeshaanza kuliwa na kutu.

Jambo jingine ambalo madukani halisemwi: namba iliyoandikwa kwenye winchi ni nguvu ya kuvuta wakati waya umebaki safu ya chini kabisa kwenye ngoma, yaani silinda unayoviringishwa. Waya ukijaa, nguvu hushuka kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana fundi mzoefu huvuta waya mrefu kabla ya kuanza kazi.

1. Winchi ya mkono, aina ya Tirfor

Najua wengi mtapinga kuiweka hii ya kwanza. Nilikuwa upande wenu hadi masika moja, tukitoka Terrat kuelekea Orkesumet. Gari lilizama pua kwanza kwenye mbuga, tope likafika kwenye difu. Tulikuwa na winchi ya umeme kwenye bampa la mbele, tukaitegemea. Mbele hapakuwa na mti wala jiwe. Tulichimbia nguzo ya mbao, ikang'oka. Tukachimbia tena. Mvuto wa tatu betri ikazimika.

Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama na ng'ombe wake akituangalia. Tulipomwamkia akauliza, "Gari limeingia likitokea wapi?" Tukamwonyesha nyuma. "Basi lirudi huko huko." Na nyuma kweli palikuwa na mgunga mmoja, umbali kama wa mita thelathini. Winchi yetu ilikuwa inatazama upande usio na msaada.

Jioni alipita dereva mwenye winchi ya mkono chini ya kiti. Akafunga kwenye mgunga na kwenye ndoano ya nyuma ya gari, tukapokezana mpini wawili wawili. Kila mpini ulipokwenda na kurudi, gari lilisogea sentimita chache tu, lakini halikurudi nyuma hata kidogo. Gurudumu la kushoto lilikuwa la kwanza kuchomoka, na tope likatoa sauti ya kunyonya kama mtoto anayeachishwa ziwa. Ilichukua saa mbili.

Winchi hii haihitaji betri wala injini, inavuta mbele, nyuma na ubavuni, na unaweza kumwazima jirani bila kufungua bolti. Ya tani 3.2 ndiyo inayofaa 109. Ukishindwa bei, chukua ya tani 1.6 pamoja na kapi moja. Waya ukizungushwa kwenye kapi lililofungwa kwenye gari, nguvu inakaribia maradufu, ila mwendo unakuwa nusu.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na rangi. Ifunge kwenye mti, upande wa pili kwenye gari lililo kwenye mteremko mdogo, gia ikiwa huru, kisha vuta na uachie mara kadhaa. Meno ya ndani yakiteleza hata mara moja, iache. Waya wake ni wa pekee, una unene wake maalumu, na waya wa kawaida wa dukani hauwezi kuchukua nafasi yake. Ulizia pia pini za usalama za akiba, zile zinazokatika mzigo ukizidi. Mtu akikuuzia iliyowekwa msumari badala ya pini, amekuuzia hatari.

2. Umeme, paundi 9,500

Ni nzuri, na kwa anayesafiri peke yake ni raha. Tatizo si winchi, ni umeme wa gari. Ikivuta kwa nguvu zote, winchi hii hula zaidi ya ampea 400. Dinamo ya Series II inatoa ampea 22. Maana yake dakika moja ya kuvuta inahitaji kama dakika 18 za kuchaji, hata kabla hujawasha taa. Badilisha uweke altaneta yenye nguvu na betri nzuri kabla ya kununua winchi, si baada. Kisha mwulize fundi umeme swali moja: ethi ya gari, yaani upande wa betri uliofungwa kwenye bodi, ni hasi au chanya? Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na ethi ya chanya, na baadhi zimegeuzwa njiani bila mwenye gari kuambiwa.

Ukipata Warn 8274, ile ndefu yenye mota juu iliyoanza kutengenezwa 1974, na ni nzima, ichukue. Inalingana na umri wa gari na ina kasi. Kuhusu waya au kamba ya sintetiki, mimi nachagua kamba: ni nyepesi, na ikikatika hairuki kwa ukali wa waya. Lakini vumbi na mawe makali huila, kwa hiyo ioshe.

3. Kapstani ya asili

Ile ngoma ya wima inayozungushwa na injini kutoka mbele ya krenki, shafti kuu ya injini. Huvuta kama kilo 1,360, polepole, na haijali betri, mradi injini iwake. Unazungusha kamba mara tatu au nne na kushika ncha kwa mkono. Kamba ya katani inaishika vizuri. Ya nailoni usiithubutu: huvutika na kuhifadhi nguvu kama manati. Inunue ikiwa kamili tu, kwa sababu vipande vyake ni vigumu kupatikana.

4. Ngoma inayoendeshwa na giaboksi

Imara sana, lakini shafti zake zinapita chini ya gari lote. Nunua ikiwa tayari iko kwenye gari.

Chochote utakachochagua, nunua pamoja nacho kapi, mkanda mpana wa kufunga mti usije ukauchuna gome, glovu za ngozi, na blanketi zito la kutandika juu ya waya wakati wa kuvuta. Na kwa uwanda usio na mti, tairi la akiba ndilo nanga yako: chimba shimo refu la kulizamisha lote likiwa wima, pitisha mnyororo katikati ya rimu na kuufunga kwenye mtaimbo uliolala nyuma yake, kisha chimba mfereji mwembamba ili waya utoke kwa chini na usilinyanyue. Kwa udongo wa mbuga uliolowa, shimo hilo linahitaji jembe lenye mpini mzima na watu wawili.