Mpira wa raba namba 4 kwa kipindi cha michezo: ununue upi, na uutunzeje

Shule ya msingi ikipata fedha kidogo ya vifaa, mara nyingi inanunua mpira mmoja wa kushona, namba 5. Matokeo yake darasa la watoto 50 linautazama mpira kuliko linavyoucheza. Kipindi ni dakika 40, na mtoto wa pembeni anaweza kuumaliza bila kuugusa. Kwa kufundishia, heri mipira sita ya raba namba 4, ambayo ni wastani wa mpira mmoja kwa watoto wanane.

Namba 4 ina mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Namba 5 inafika gramu 450, na mtoto wa darasa la tatu anayeupiga huo pekupeku huanza kuukwepa. Raba ina faida nyingine: vile vipele vya juu humsaidia mtoto kudaka hata mikono ikiwa na jasho, kwa hiyo mpira uleule unafundishia pasi za miguu na kudaka kwa mpira wa pete. Kwenye uwanja wa changarawe, mpira wa kushona huanza kulika uzi, kisha vipande vinaachana. Raba haina uzi wa nje wa kulika.

Dukani kuna aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni raba tupu. Nyingine ina kibofu cha ndani kilichozungushiwa nyuzi za nailoni, kisha kikafunikwa raba. Chukua ya pili. Raba tupu ikikaa stoo yenye bati, hewa ya ndani hupata joto na kutanuka, nayo raba haina cha kuizuia, basi mpira unageuka yai. Kabla ya kulipa, omba ujazwe, uzungushe mezani uone kama unayumba, upime mzunguko kwa futi ya fundi cherehani, kisha tumbukiza sehemu ya valvu, yaani tundu la kujazia hewa, kwenye maji. Mapovu yakitoka, rudisha.

Kasoro yake kubwa ni kudunda. Raba hudunda kuliko mpira wa kushona, na ukijazwa sana mtoto hawezi kuutuliza. Unamtoka mguuni, naye mwalimu anadhani hajui. Uachie kutoka usawa wa bega lako kwenye uwanja wenyewe, si kwenye sakafu ya saruji. Ukirudi juu ya kiuno, punguza hewa. Pia unauma kichwani, hivyo mazoezi ya kupiga kichwa usiyafanye na mpira huu kabisa.

Mipira mingi hufa kwa sindano ya pampu kuliko kwa miiba. Sindano kavu, au iliyopinda, huchana valvu, na valvu ikishachanika hewa haikai tena. Ilowanishe kwa tone la gliserini au maji, iingize wima taratibu, na mtu mmoja aushike mpira wakati mwingine anapampu. Mafuta ya kupikia yaache, yanalainisha raba na kuiharibu. Nunua sindano tatu au nne kwa pamoja, kwa sababu zinapotea na kuvunjika, na bila sindano pampu haina kazi.

Mwiba ukiingia, raba tupu inazibika kwa fundi baiskeli: akwangue vipele mpaka pawe laini, apake solusheni (gundi ya viraka), asubiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo abandike kiraka. Wa nailoni ni mgumu kuziba. Hewa hupenya kati ya tabaka na kutokea mahali pengine kama uvimbe. Mpira wenye uvimbe utoe kwenye kundi la kupiga, utumie kwa michezo ya kuviringisha ya darasa la kwanza na la pili.

Timu inayojiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, isitegemee raba peke yake. Mguso wake ni tofauti, na mchezaji aliyezoea mdundo wa raba atachelewa kuusoma mpira wa mechi. Hapo ndipo ule mmoja wa kushona unapohitajika: utunzwe kwa ajili ya timu, na vipindi vya darasani viendelee na raba.