Soya ya kukaangwa kwa ng'ombe wa maziwa: mfuko wa kwanza na wa pili

Tausi, ng'ombe wangu wa aina ya Friesian, alikuwa na mwezi mmoja tangu azae, ananipa lita 18 kwa siku. Nikitaka zaidi, namwongezea mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Maziwa yakagoma, ila harufu ya mkojo ikazidi: asubuhi ukiingia bandani macho yanawasha. Daktari wa mifugo, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, alisimama mlangoni akavuta pumzi. "Mzee, hela yako inakojolewa hii."

Akanieleza. Protini ya alizeti huvunjwa upesi na vijidudu vya tumbo la kwanza kati ya manne ya ng'ombe, inageuka amonia. Vijidudu visipopata wanga wa kutosha wa kuitumia, amonia inaingia kwenye damu, ini linaifanya urea, na urea inatoka kwa mkojo, nyingine kwenye maziwa. Akaniambia nipunguze mashudu, niongeze pumba za mahindi, na sehemu ya protini itoke kwenye soya iliyopitishwa motoni. Joto huikaza protini, vijidudu haviwahi kuivunja yote, ikateremka hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba, ambako ng'ombe anaimeng'enya mwenyewe.

Nikanunua kilo 50. Bei inauma: kilo moja ni sawa na kilo tatu za mashudu. Nilimpa Tausi kilo moja na nusu kwa siku, akigawiwa asubuhi na jioni wakati wa kukamua; mashudu nikayashusha kutoka kilo nne hadi mbili. Harufu ndiyo ilitangulia kupungua. Wiki ya pili lita 20, ya tatu 21. Siwezi kuisifia soya peke yake, maana pumba nazo niliziongeza siku ileile.

Kosa langu lilikuwa Sikitu, ng'ombe wangu mwingine. Ana mimba ya miezi sita, anatoa lita 8, nami nikaona vibaya mwenzake ale yeye akitazama. Hakuongeza hata kikombe. Ng'ombe wa kiwango hicho anatoshwa na majani, pumba na ile protini inayotengenezwa na vijidudu vyenyewe. Soya hii ni ya anayekamuliwa sana, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuzaa.

Mfuko wa pili, duka lilelile, nembo ileile. Wa kwanza ulikuwa na rangi ya karanga zilizokaangwa vizuri. Huu ulikuwa kama kahawa, nikiusugua kiganjani unanuka ukoko. Nikajidanganya kwamba imeiva zaidi, basi imelindwa zaidi. Kumbe moto ukizidi, protini, hasa kiini chake kiitwacho laisini, inashikana na sukari hadi hata utumbo unashindwa kuimeng'enya, inaishia kwenye mavi. Tausi akarudi lita 19. Niliporudisha malalamiko, muuzaji alinijibu, "Soya ni soya, mzee."

Mfuko wa kwanza naupa nyota nne, wa pili moja, na hiyo moja ni ya kiroba, nimekitumia kuwekea mahindi. Siku hizi silipi kabla mfuko haujafunguliwa nikatia mkono ndani. Pia nimepanda kaliandra, mti wa malisho, kwenye kingo za matuta, maana tanini zake, kemikali kakasi za majani, nazo huizuia protini isivunjwe haraka. Mbuzi wa jirani wameshaijua njia.