Kura 11,608 kwa 11,608: Tathmini ya Huduma ya Uchaguzi katika Wilaya ya 94 ya Virginia

Baraza la Wajumbe la Virginia, yaani baraza la chini la bunge la jimbo hilo la Marekani, lina viti 100, kila kimoja kwa muhula wa miaka miwili, na uchaguzi wake hufanyika katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakati ambapo Wamarekani wengi hawana rais wala bunge la taifa la kuchagua. Mjumbe hulipwa dola 17,640 kwa mwaka, malipo yanayoonyesha kwamba kazi hii haikukusudiwa kuwa ajira ya kudumu. Kwa kawaida kiti cha namna hii hakiwashughulishi watu wa nje ya jimbo. Wilaya ya uchaguzi ya 94, iliyokuwa ndani ya jiji la Newport News lenye kiwanda cha kuunda manowari za kubebea ndege, ilijulikana dunia nzima kwa sababu moja tu: mshindi wake wa mwaka 2017 alipatikana kwa jina kutolewa ndani ya bakuli.

Nimechagua kuupima uchaguzi huo, pamoja na yaliyoufuata, kama huduma ambayo mwananchi huilipia kwa kodi, kwa hiyo na yeye ana haki ya kuuliza amepewa nini. Maoni yangu ni kwamba sehemu iliyochekwa sana, yaani bakuli, haikuwa mbaya kama ilivyosemwa, na sehemu iliyopita kimyakimya, yaani kumweka mpiga kura katika wilaya yake halali, ndiyo iliyoharibika.

Upande wa kumfikisha mtu kwenye sanduku hautanichukua muda mrefu, kwa kuwa umeboreshwa sana tangu wakati huo. Mwaka 2017 mpiga kura alitakiwa kuwa na kitambulisho chenye picha, na kupiga kura mapema kulihitaji sababu inayokubaliwa na sheria. Kuanzia mwaka 2020 sharti la picha liliondolewa, upigaji kura wa mapema ukaruhusiwa kwa siku 45 bila kuulizwa sababu, na siku ya uchaguzi ikafanywa sikukuu ya jimbo. Tangu Oktoba 2022 hata aliyechelewa kujiandikisha anaweza kufanya hivyo siku ileile, ingawa kura yake huwekwa kando mpaka sifa zake zithibitishwe. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Kwa hatua hii sina malalamiko makubwa.

Kazi ya kuhesabu ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Novemba 7, 2017, mgombea wa Republican aliyekuwa akitetea kiti, David Yancey, alionekana kumshinda Shelly Simonds wa Democratic kwa kura 10 katika jumla ya kura zaidi ya 23,000. Sheria ya Virginia humruhusu aliyeshindwa kuomba kura zihesabiwe upya iwapo tofauti haizidi asilimia moja, na ikiwa haizidi nusu ya asilimia, gharama hubebwa na umma. Huu ni utaratibu mzuri, kwa sababu haki ya kuhakikiwa kwa matokeo haitegemei uzito wa mfuko wa mgombea. Jambo jingine la bahati ni kwamba miezi miwili kabla ya uchaguzi, Septemba 2017, bodi ya uchaguzi ya jimbo ilikuwa imeziondoa mashine za kupigia kura kwa kugusa kioo, ambazo haziachi karatasi ya kurejewa. Bila karatasi, kuhesabu upya kungekuwa kuiomba mashine irudie jibu lake.

Desemba 19, maafisa walioteuliwa kwa idadi sawa kutoka pande zote mbili walimaliza kazi yao, na Simonds akawa mbele kwa kura moja, 11,608 dhidi ya 11,607. Siku iliyofuata, jopo la majaji watatu lilipokaa kuidhinisha matokeo, lilipokea barua ya mmoja wa maafisa wa upande wa Yancey, aliyeomba karatasi moja itazamwe tena. Katika karatasi hiyo mpiga kura alikuwa amejaza viduara vya wagombea wote wawili, kisha akapitisha mstari juu ya kiduara cha Simonds, na katika nafasi nyingine alikuwa amewachagua wagombea wa Republican. Majaji waliona kwamba mstari ule ulikuwa wa kufuta, wakampa Yancey kura hiyo, na hesabu ikawa sare.

Kwa maoni yangu uamuzi wenyewe unaweza kutetewa, kwa kuwa lengo la kuhesabu ni kutambua nia ya mpiga kura na wala si kumwadhibu kwa uchafu wa karatasi. Ninachokikosoa ni wakati uliotumika. Mtu aliyeipitisha karatasi hiyo siku ya kuhesabu hakupaswa kupata nafasi ya kuirudia baada ya kulala na kuyatafakari matokeo, maana kama mlango uliachwa wazi kwa karatasi moja, kila karatasi yenye alama ya kutatanisha ilistahili kupitia mlango huohuo. Simonds aliwaomba majaji wabadili uamuzi, na Januari 3, 2018 wakakataa.

Kesho yake huko Richmond, mji mkuu wa jimbo, majina mawili yaliwekwa katika vikopo vya filamu za kamera, vikopo vikatiwa ndani ya bakuli la kauri lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa la Virginia Museum of Fine Arts, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi, James Alcorn, akatoa jina la Yancey. Kilichoamuliwa hakikuwa kidogo. Warepublican, waliokuwa na viti 66 kabla ya uchaguzi huo, walibaki na 51 kwa 49. Laiti lingetoka jina la pili, baraza lingegawanyika 50 kwa 50 na pande hizo mbili zingelazimika kupatana juu ya uspika. Watu wengi walikejeli, wakiuliza ni demokrasia gani hii inayochezeshwa bahati nasibu. Mimi sikuona cha kukejeli. Kanuni ya kuamua sare kwa bahati nasibu ilikuwa imeandikwa kabla ya mtu yeyote kujua itamfaa nani, zoezi lilifanywa hadharani mbele ya kamera, na hakuna kiongozi aliyepewa uwezo wa kumchagua ampendaye. Uchaguzi wa marudio ungekuwa bora kwa heshima ya mpiga kura, nakubali, lakini baraza lilikuwa linaanza kikao siku chache tu baadaye. Simonds alikuwa bado na haki kisheria ya kudai hesabu nyingine baada ya bahati nasibu, akaamua kukubali matokeo Januari 10.

Mambo yangeishia hapo, lakini Mei 2018 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba wapiga kura 26 waliostahili kupiga kura katika Wilaya ya 94 walikuwa wameandikwa kimakosa katika Wilaya ya 93. Walitoka katika eneo lenye wakazi wengi weusi, ambalo huwaunga mkono Wademocrat kwa wingi. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika wangemchagua nani, na sheria haina njia ya kuirudisha kura iliyopigwa katika wilaya nyingine. Hata hivyo, mbele ya sare kamili, watu 26 ni umati mkubwa. Katika uchaguzi huohuo wa 2017, katika Wilaya ya 28 upande wa Fredericksburg na Stafford, watu zaidi ya 100 walipewa karatasi za wilaya isiyo yao katika kinyang'anyiro kilichoamuliwa kwa kura chini ya 100. Wahusika walitumia wiki kadhaa kubishania mstari wa kalamu ndani ya kiduara, huku kosa kubwa zaidi likiwa limelala ndani ya daftari la wapiga kura. Hapa ndipo huduma inapopoteza alama nyingi.

Mipaka yenyewe nayo haikuwa safi. Juni 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba wilaya 11 za baraza hilo zilichorwa kwa kuwarundika wapiga kura weusi kinyume cha katiba, na ramani mpya iliyotumika mwaka 2019 ikazigusa pia wilaya jirani, ikiwemo ya 94. Katika uchaguzi wa mwaka huo Simonds alimshinda Yancey waziwazi bila haja ya bakuli, na Wademocrat wakalitwaa baraza kwa viti 55. Baadaye wananchi waliidhinisha tume ya kuchora mipaka yenye wabunge 8 na raia 8, ambayo ilishindwa kuelewana mara ya kwanza tu ilipopewa kazi, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikalazimika kuidhinisha ramani yake yenyewe Desemba 2021. Matokeo yake ni kwamba namba 94 imehamia Norfolk, ilhali Simonds anawakilisha Wilaya ya 70. Mkazi wa Newport News asiyefuatilia habari anaweza kudhani mjumbe wake ametoweka.

Nimalizie na jambo linalowagusa wasomaji wa lugha hii moja kwa moja, kwa kuwa Virginia ina jamii za Wakongo wazungumzao Kiswahili, hasa Harrisonburg, Roanoke na Charlottesville, na baadhi yao wameshapata uraia. Wasitegemee karatasi ya kura kwa Kiswahili. Sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za lugha nyingine, iliyoongezwa mwaka 1975, inazihusu lugha za Kihispania, za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lugha za Afrika hazimo kabisa, hata wazungumzaji wawe wengi kiasi gani katika kaunti. Hilo ni pengo ambalo halina utetezi wa maana. Kuna nafuu moja: tangu mwaka 1982, mtu asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, anaruhusiwa kuingia na msaidizi amtakaye, mradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala afisa wa chama chake cha wafanyakazi. Asiye raia asijiandikishe hata akishawishiwa, kwa sababu kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Na aliye raia, hasa aliyehama nyumba tangu ramani zibadilike, ahakikishe anwani yake na namba ya wilaya yake kwa msajili wa wapiga kura kabla ya zile siku 45 kuanza, kwa sababu karatasi ikishaingia kwenye mashine kwa wilaya isiyo yake, hakuna jopo la majaji litakaloitoa.