Redio kwenye skrini, au kipindi cha televisheni chenyewe?

Kuanzia 1996, chaneli ya habari ya MSNBC ya Marekani ilionyesha kila asubuhi ya siku za kazi kipindi cha redio cha mtangazaji Don Imus, kilichotoka kituo cha redio cha WFAN cha New York. Gharama ni nafuu: kamera chache studioni, na saa nzima nzima za matangazo zimejaa. Mazungumzo ya redio pia hayana pupa. Mgeni humaliza hoja yake, jambo adimu kwenye taarifa za habari. Lakini jicho hubaki na njaa, maana linaona vichwa vyenye spika za masikioni tu.

Tatizo kubwa zaidi ni dhamana. Aprili 2007 Imus aliwatusi wachezaji wa kike wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, na MSNBC ikaacha kumrusha. Maneno yalitoka redioni, aibu ikaikuta chaneli.

Mwaka huohuo MSNBC ikaleta kipindi cha Morning Joe, kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni: meza ya wachambuzi, picha, michoro. Ni ghali zaidi, ila habari kubwa ikizuka, picha zipo tayari.

Kwa habari za asubuhi nachagua hiki cha pili. Kwa vipindi vya simu za wasikilizaji, hapo redio ionyeshwe ilivyo.