Duka la vikorokoro Darajani: kitambaa unacho, fuata vyuma

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo: ikiwa unatengeneza hereni, bangili au pini za mtandio nyumbani kwako, vyuma nunua hapa. Shanga katafute kwengine. Na gundi yao usiiguse.

Duka lenyewe halina bango. Ukitoka soko la Darajani hapa Unguja, lile jengo kongwe la 1904, ukaingia vichochoroni kuelekea Mchangani na kuyapita maduka ya kanga, tazama mlango ulioning'inizwa zipu za kila rangi kuanzia juu mpaka chini. Zipu ndizo bango. Ndani wanaingia wateja wawili, wa tatu anasubiri nje na mkoba wake kifuani. Mwenye duka ni mtu mzima ambaye sote tunamwita Ami, na hata wanaomzidi umri nimewasikia wakimwita hivyo hivyo. Anauza nyuzi, sindano, vifungo, lastiki, na kwenye madroo ya mbao nyuma yake ndiko kuliko vitu vyetu: ndoano za hereni, vipini vya hereni za kubana, vishikizo vya mikufu, vikuku vya kuunganishia, yaani vile vipete vidogo vya chuma, sumaku, koleo ndogo.

Kwa nini nashikilia vyuma? Kwa sababu kitambaa hatujakikosa. Unguja hii nyumba gani haina kanga iliyochanika upande mmoja, au mabaki ya satini ya nguo ya harusi? Kila fundi cherehani ana gunia la vipande chini ya meza na anafurahi ukimpunguzia. Mie mwenyewe ni karani mchana na mshonaji usiku, gunia hilo ninalo. Hereni ya nyumbani haifi kwenye kitambaa, inafia kwenye ndoano. Ndoano za bei chee ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na hewa yetu ya chumvi na unyevu, khasa wakati wa masika, inaila ile rangi mpaka kinabaki chuma kitupu na kutu. Halafu kuna nikeli. Wapo watu ngozi zao hazitaki nikeli kabisa: sikio linawasha, linavimba, linatoa maji, na mtu anakwambia "mie hereni za kutengeneza zinanikataa", akazirudisha, na wewe uliyekesha unazitengeneza ukabaki unamtazama.

Bibi zetu walilikwepa jambo hili moja kwa moja. Picha za zamani za wanawake wa Unguja zinawaonyesha na majasi ya karatasi za rangi, yamesokotwa yakawa duara nene na kupachikwa ndani ya tundu la sikio. Chuma hakuna, kuwashwa hakuna. Lakini masikio ya leo matundu yake ni ya sindano, kwa hiyo turudi kwenye madroo ya Ami.

Ami ana kipande cha sumaku kimefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Mwenyewe hakitangazi. Ukimuuliza kama ndoano ni stenlesi kweli, anakusogezea ule uzi: "Jaribu mwenyewe, mwanangu, usiniamini mimi." Ndoano ya chuma cha kupaka inaruka na kunata. Ya stenlesi inakaa kimya, au inavutika kidogo tu. Ya shaba ya njano nayo haivutiki, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi; ikwangue kidogo kwa ncha ya sindano, ikitoka umanjano chini ya rangi ujue ni shaba, na hiyo jasho likiingia itakuachia ukijani sikioni. Duka jengine nililowahi kuingia, muuzaji alinuna nilipotoa sindano. Ami anakupa na taa ya simu yake.

Na anauza kwa jozi. Hili wasiotengeneza hawatalielewa thamani yake. Kwengine unalazimishwa pakiti nzima ya ndoano mia, wakati wewe unataka kujaribu hereni moja ya dada yako. Kwa Ami jozi ya stenlesi ni shilingi 500, za kupaka unapata jozi tano kwa bei hiyo hiyo. Nunua za 500. Hereni niliyouza kwa shilingi 6,000 ikirudi kwa sababu ya ndoano ya shilingi mia, hasara si ya ile mia.

Vifungo vya kufunika kwa kitambaa ndivyo vilivyonifanya nimjue Ami. Vina vipande viwili: kikombe na mgongo. Unakata duara la kitambaa, unalizungushia kikombe, unaingiza kingo ndani, unabana mgongo kwa kidole gumba mpaka usikie umelia. Anavyo vya milimita 22 na 28. Kwa hereni chukua 28, na kitambaa chake ukate duara la sentimita 5 na kidogo. Ukizidisha, mgongo haufungi, ukipunguza, kitambaa kinachomoka. Kanga mpya iloweke na uifue kwanza, maana ina wanga na inakuwa kavu kama karatasi, haikubali kukunjika pembezoni. Nyuma ya kifungo kuna kitanzi cha kushonea: kikate kwa koleo kabla ya kubandika kipini, au kiache upitishe kikuku na ndoano ikiwa unataka hereni ya kuning'inia.

Kanga gani? Kisutu, na simuoni wa kunibishia. Kanga nyingi zina maua makubwa kwenye mji, yaani pale katikati, ukikata duara dogo hivyo unapata kipande cha jani, haijulikani ni jani au ni doa. Kisutu michoro yake ni midogo, imejirudia kila mahali, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na popote utakapoweka mkasi duara linatoka limetimia. Tena ni kanga ya harusi, kwa hiyo hereni za kisutu huna haja ya kuzieleza kwa mtu, bi harusi na wenzake wanazivaa siku ya singo na kila mtu anaelewa. Kanga nyengine tumia pindo, huko ndiko kuna michoro ya kuingia kwenye kifungo.

Sasa nije kwenye kile ninachokitengeneza zaidi kuliko hereni. Sisi wengi tukitoka nje hereni hazionekani, zimo ndani ya mtandio. Zinaonekana harusini, ukumbini, wanawake kwa wanawake. Kinachoonekana barabarani ni pini. Na pini za kuchoma zinaharibu mitandio, khasa ya shifoni na ya hariri: tundu moja leo, kesho uzi umevutika, mwisho wa mwezi mtandio una mstari. Ami ana sumaku ndogo zile kali, pana kama kifungo cha shati, jozi shilingi 1,500. Unabandika moja nyuma ya kifungo cha kisutu, ya pili inakaa ndani ya mtandio, kitambaa kinabanwa katikati bila ya kutobolewa. Kwa mtandio wa kawaida inashika vizuri kutwa nzima, hata ndani ya daladala ya 505 saa za kutoka kazini, na aliyepanda 505 saa hizo anajua nazungumzia nini. Kwa mtandio mzito uliokunjwa mara mbili haishiki. Nimewaambia wateja wangu hivyo na wewe nakwambia.

Kuna siri ya kubandika. Sumaku hizi zimepakwa ngozi ya kung'aa ambayo gundi haiipendi. Ikwaruze kwa msasa mpaka iwe butu, halafu ndio ubandike. Hakikisha pia pande mbili zinavutana kabla ya kutia gundi, usije ukabandika zinazosukumana. Gundi iwe ile ya mirija miwili inayochanganywa, uiache usiku kucha. Ile gundi ya kukauka papo kwa papo, ambayo ndiyo pekee Ami anayoiuza, inaacha weupe kwenye kitambaa cheusi na ikikauka inakuwa kama kioo: kifungo kikianguka sakafuni mara moja, kimeachia. Gundi ya moto ya bunduki nayo inalainika. Weka hereni zilizobandikwa hivyo ndani ya gari lililoegeshwa juani uone. Gundi ya mirija miwili utaipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Na kwa wenye watoto wadogo: sumaku hizi si za kuachwa juu ya meza. Mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya tumbo zikabana utumbo katikati, na huo ni upasuaji. Zangu ziko ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati. Ami angepaswa kulisema hili kwa kila anayenunua, na halisemi. Nimemwambia. Aliitikia kwa kichwa tu.

Bangili nitazipitia haraka kwa sababu hapo duka halisaidii sana. Kiini nakata kwenye bomba la maji la plastiki la inchi mbili na nusu, mafundi bomba wanatupa vipande kila siku. Unakata kwa msumeno, unasugua kingo kwa msasa, unazungushia kitambaa. Au ukili mwembamba, ambao unauzwa kwa pima na wanaotoka shamba, na wa Pemba kwa macho yangu umesukwa kwa kubana zaidi. Ukizungushia kanga kwenye bangili, angalia jina la kanga limekatikia wapi. Shoga yangu mmoja alimpa wifi yake bangili nzuri mno ya kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Kitambaa kilipomaliza kuizunguka bangili, juu ya mkono palibaki neno moja tu, na si la mwisho. Wifi mtu aliivaa mpaka ukumbini bila ya kulisoma. Waliomsomea walikuwa wengi.

Shanga za Ami, hapana. Zile anazoziita za lulu ni plastiki iliyopakwa, na mwanamke wa hapa anajipaka mafuta na manukato shingoni kabla ya kuvaa mkufu, basi ile rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Anayetaka mng'aro wa kweli aende Fumba au Bweleo, ambako akinamama wanafuga chaza wa lulu na magamba yake wanayachonga kuwa vito. Bei ni nyengine kabisa, lakini kipande kimoja katikati ya mkufu wa nyuzi kinatosha.

Kasoro nyengine: hakuna bei iliyoandikwa popote, na siku yenye watu wengi unaweza kutajiwa bei tofauti na ya aliyekutangulia. Patana kwa upole, anapunguza. Hapokei malipo ya simu. Hakuna kurudisha kitu. Umeme ukikatika madroo ya chini huyaoni, njoo na tochi. Na vishikizo vya mikufu vya stenlesi huisha, akakupa vya kupaka bila ya kukwambia. Uzi wa sumaku uko pale pale mguuni mwa meza, utumie.

Nimeulizwa kama si bora kuagiza boksi zima mtandaoni, lile lenye kila kitu ndani. Niliagiza moja. Vifungo vilikuwa vizuri, koleo lilikuwa la maana, na ndoano zote ziliruka kwenye sumaku kama senene kwenye taa. Kwa fedha ile ile kwa Ami unatoka na koleo la shilingi 8,000, vifungo ishirini, jozi kumi za ndoano za stenlesi na nauli inabaki. Wale wanaonunua hereni za kanga zilizokwisha tengenezwa kwenye maduka ya mtaa wa Gizenga, kwa bei za wageni, nawaomba wazigeuze nyuma kwanza waangalie kilichobandikwa.

Anafunga Adhuhuri, anarudi baada ya sala na chakula, haraka hana. Ijumaa mchana usijisumbue. Ramadhani nenda kabla ya kumi la mwisho, maana likiingia, kichochoro kizima kinajaa watu wa nguo za Sikukuu, na Ami anauza zipu na lastiki tu. Madroo ya nyuma hayafunguliwi mpaka Idi ipite.